Ndugu Wawili wa Linlithgow

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba tunawakumbuka marehemu wetu, na wengi wetu tumepata kupita mahali palipoandikwa majina ya watu waliokufa katika vita kuu mbili. Twasoma majina mawili matatu, kisha twaendelea na safari yetu. Jina lililochongwa juu ya jiwe halisemi mengi. Halisemi kama mtu huyu alipenda kucheka, wala kama alikuwa na mdogo wake aliyemtangulia. Basi katika somo hili twataka kuonyesha jinsi jina la jiweni linavyoweza kufuatwa nyuma mpaka likawa mtu tena. Tumechagua vijana wawili wa Scotland, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kwa sababu habari zao zimehifadhiwa vizuri. Na mwisho tutarudi kwetu, maana hapo ndipo penye kazi ngumu zaidi.

Vijana hao waliitwa Alexander Douglas Gillespie na Thomas Cunningham Gillespie. Nyumbani waliitwa Douglas na Tom, nasi tutawaita hivyo. Kwao ni Linlithgow, mji mdogo ulio magharibi ya Edinburgh, wenye ziwa na magofu ya jumba la wafalme ambamo Malkia Mary wa Scotland alizaliwa mwaka 1542. Nyumba yao iliitwa Longcroft. Douglas ndiye mkubwa, alizaliwa mwaka 1889. Tom alizaliwa Desemba 1892.

Mtu anajuaje mambo hayo leo? Hapa kuna fundisho la kwanza kwa mwanafunzi wa habari za zamani. Scotland iliweka sheria ya kuandikisha kila mtoto anayezaliwa, kila ndoa na kila kifo tangu mwaka 1855. Tena waliandika kwa uangalifu mkubwa: katika cheti cha Kiskoti limo jina la baba, kazi yake, na jina la mama pamoja na ukoo wake kabla ya kuolewa. Jambo hilo la ukoo wa mama ndilo ufunguo. Majina ya Kiskoti ni machache na yanarudiwa sana. Akina Thomas Gillespie walikuwa wengi, na bila jina la mama ungeweza kumfuata mtu asiye wako mpaka kaburini. Baada ya hapo kuna hesabu ya watu iliyofanywa kila baada ya miaka kumi, ambamo waliandikwa wote waliolala katika nyumba usiku fulani, watumishi na wageni pia.

Ndugu hawa walikuwa watoto wa watu wenye uwezo. Walipelekwa Uingereza kusoma Winchester, shule ya zamani sana, kisha chuo cha New College huko Oxford. Mkuu wao wa shule alikuwa padre, Hubert Burge, aliyekuja kuwa Askofu wa Southwark, dayosisi iliyo kusini ya mto Thames mjini London, mwaka 1911. Msomaji alishike jina hilo, tutakutana nalo tena.

Tom alikuwa mtu wa makasia. Mwaka 1912 chuo chake kilipeleka mashua ya wapiga makasia wanane kwenye Michezo ya Olimpiki huko Stockholm, naye alikuwa mmoja wao. Wakafika fainali, wakashindwa na mashua nyingine ya Uingereza, ya chama cha Leander, wakapewa nishani ya fedha. Basi huyu ni kijana aliyevaa nishani ya Olimpiki akiwa hajatimiza miaka ishirini. Miaka miwili baadaye alikuwa Luteni katika batalioni ya pili ya King's Own Scottish Borderers, yaani askari wa nchi ya mpakani mwa Scotland na Uingereza.

Vita vilianza Agosti 1914. Mwezi wa Oktoba majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalikuwa yakikimbizana kuelekea baharini, kila upande ukijaribu kumzunguka mwenzake, na batalioni ya Tom ikajikuta karibu na mji wa La Bassée, kaskazini mwa Ufaransa, nchi tambarare ya mifereji na migodi ya makaa. Tom aliuawa huko tarehe 18 Oktoba 1914. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Kaburi lake halijulikani.

Kwa habari za kifo cha namna hii wachunguzi hutazama mahali pawili. Pa kwanza ni madaftari ya vita. Kila batalioni ilikuwa na ofisa aliyepaswa kuandika siku kwa siku: leo tumehama, leo tumepigwa mizinga, leo wamekufa fulani na fulani. Madaftari hayo yapo mpaka leo katika nyumba ya hati za serikali huko Kew, London. Lakini lazima tuseme ukweli wake. Ofisa akifa, daftari humtaja kwa jina. Askari wa kawaida akifa, mara nyingi huhesabiwa tu: kumi na wawili, arobaini, mia na tatu. Pa pili ni mafaili ya askari wenyewe, na hapo pia ofisa amependelewa na bahati. Mafaili mengi ya maofisa yamesalia. Ya askari wa kawaida yalikuwa katika ghala moja mjini London lililopigwa mabomu ya Wajerumani Septemba 1940, na zaidi ya nusu yakateketea. Ndiyo maana familia nyingi za Scotland zinazomtafuta babu yao aliyekuwa mchimba makaa au mkulima huambulia kadi moja tu ya nishani, yenye jina, namba na rejimenti yake.

Douglas alikuwa akisomea sheria vita vilipoanza. Mdogo wake alipokufa yeye alikuwa bado hajafika Ufaransa. Alikwenda huko mapema mwaka 1915, akiwa Luteni wa pili wa Argyll and Sutherland Highlanders, na akawekwa katika batalioni ya pili, upande ule ule wa La Bassée ambako Tom alikuwa amelala. Fikirini hali ya mama yake kupokea barua zenye anwani hiyo.

Na barua zilikuja kwa wingi. Douglas aliandika nyumbani karibu kila siku, tena aliandika vizuri. Hakujaza barua kwa sifa za vita. Alieleza bustani za matunda zilizochanua nyuma ya mahandaki, wakulima wa Kifaransa waliolima shamba huku mizinga ikilia, askari wake walivyopika na kuimba. Katika barua moja ya Mei 1915 anasimulia usiku wa mwezi wenye ukungu, ndege mmoja akaanza kuimba gizani kati ya milio ya bunduki, naye akakaa akisikiliza na kuwakumbuka wenzake waliokwisha kufa, kana kwamba wimbo ule ulikuwa wao. Sisi tulioisoma barua hiyo tungesema kwamba yeye hasa alikuwa akimsikiliza Tom.

Katikati ya mwaka huo alimwandikia mkuu wa shule yake ya zamani barua nyingine, nayo ndiyo iliyolifanya jina lake lisisahauliwe. Alisema, kwa maneno yetu wenyewe, kwamba amani ikirudi angependa serikali za pande zote mbili zishirikiane kutengeneza njia ndefu katika ile ardhi iliyokuwa kati ya mahandaki, ambayo haikuwa ya mtu. Njia ianzie milima ya Vosges mpaka baharini. Ipandwe miti ya kivuli na miti ya matunda, ili udongo ule usiachwe kuwa ukiwa. Baadhi ya nyumba zilizobomolewa ziachwe kama zilivyo. Kisha wanaume, wanawake na watoto wa nchi zote za upande ule wa Ulaya wapelekwe kuhiji kwa miguu, wapate kufikiri na kujua vita ni nini kwa kuwatazama mashahidi wasiosema walio pande zote mbili. Aliiita kwa Kilatini Via Sacra, Njia Takatifu.

Tuangalie neno hilo “pande zote mbili”. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa bado yumo handakini, na waliomwua ndugu yake wako mbele yake umbali wa mtupo wa jiwe. Hata hivyo anawahesabu wafu wa Kijerumani kuwa mashahidi sawa na wafu wa kwao. Wahubiri wengi wa mwaka 1915, hata wa Kanisa letu la Anglikana kule Uingereza, hawakufika hapo.

Tarehe 25 Septemba 1915 yalianza mapigano makubwa ya Loos. Kwa Waskoti siku hiyo ni siku ya msiba wa taifa: divisheni mbili nzima za Kiskoti, ya 9 na ya 15, ziliingia vitani pamoja na batalioni nyingine nyingi za Kiskoti zilizokuwa katika divisheni za Kiingereza. Mji wa Dundee hata leo huwasha taa juu ya kilima chake kila tarehe 25 Septemba. Asubuhi ile Waingereza walitumia gesi ya sumu kwa mara ya kwanza. Katika sehemu ya Cuinchy, walipokuwapo akina Douglas, upepo haukuwa wa kutosha. Gesi ilitanda palepale na kuwarudia wenyewe. Hata hivyo amri ya kwenda mbele ilibaki vilevile.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Douglas alikuwa amewaandikia wazazi wake. Alijua la kesho. Aliwaambia kwamba hata akiwafikiria wao hangependa kukosa kuwapo, na kwamba alijisikia Tom yu karibu naye. Akauawa asubuhi, si mbali na mahali alipouawa mdogo wake mwaka mmoja nyuma. Naye pia kaburi lake halijulikani. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Mwaka 1916 barua zake zilichapishwa kuwa kitabu kiitwacho Letters from Flanders, na mbele yake Askofu wa Southwark aliandika maneno ya kuwasifu ndugu wawili aliokuwa amewalea shuleni. Ndiye yule Hubert Burge.

Sasa tuwafuate mpaka kwenye mawe. Mwaka 1917 iliundwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Himaya, ambayo tangu 1960 huitwa ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa nzuri sana: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, ama juu ya kaburi lake ama, kama kaburi halijulikani, juu ya ukuta wa kumbukumbu, na mawe yawe sawa, ya jenerali na ya askari wa chini, bila kujali tajiri au maskini. Mgeni anayewatafuta ndugu hawa wa Linlithgow angetegemea kuwakuta katika ukuta mmoja, maana walikufa pande zile zile. Lakini Tom yuko Le Touret, na Douglas yuko Loos. Sababu yake ni tarehe. Ukuta wa Le Touret, wenye majina zaidi ya 13,000, ni wa wale waliopotea katika eneo hilo tangu Oktoba 1914 mpaka mkesha wa mapigano ya Loos. Ukuta wa Loos, wenye majina zaidi ya 20,000, unaanzia siku yenyewe ya mapigano, 25 Septemba 1915. Douglas aliangukia siku ya kwanza kabisa ya daftari jipya. Laiti angekufa jana yake, wangekuwa pamoja. Tena katika kuta hizo majina hayakupangwa kwa alfabeti tu, bali kwanza kwa rejimenti, kisha kwa cheo, ndipo kwa alfabeti. Asiyejua rejimenti ya mtu wake anaweza kusimama mbele ya ukuta kutwa nzima.

Shule yao ya Winchester nayo ilijenga ua wa kumbukumbu, uliowekwa wakfu mwaka 1924 kwa ajili ya vijana wake 500 waliokufa. Mchoraji wake alikuwa Herbert Baker, ambaye ndiye pia aliyechora jumba la gavana mjini Nairobi, Ikulu ya leo.

Ile njia ya Douglas haikutengenezwa alipokufa, wala baada ya amani. Ilikaa katika karatasi miaka mia. Mwandishi mmoja wa Kiingereza, Anthony Seldon, aliikuta habari yake, na mwaka 2021 akaitembea kwa miguu kutoka mpaka wa Uswisi mpaka bahari ya Ubelgiji, kama kilometa 1,000. Siku hizi imewekewa alama, watu wanaipita kwa miguu na kwa baiskeli.

Haya yote yamewezekana kwa sababu ya karatasi: cheti, daftari la shule, barua, kitabu cha askofu, ukuta. Sasa tugeuke tuangalie huku kwetu.

Wako watu wa kwao waliolala kwetu. Katika makaburi ya vita ya Dar es Salaam yamo makaburi 660 yaliyohamishwa mwaka 1968 kutoka Ocean Road ili kupisha barabara. Mmoja wa waliolala hapo ni Charles Beechey, mwalimu wa shule, mtoto wa padre wa Lincolnshire, Uingereza. Mama yake alikuwa na wana wanane vitani, wakafa watano. Wengine wamezikwa au kuandikwa mbali. Huyu alikufa Oktoba 1917, katika vita vya kusini mwa Tanzania ya leo. Historia yake pia imefuatwa kwa barua alizomwandikia mama yake.

Lakini waliobeba mizigo ya jeshi lake ni nani? Vita vya Afrika Mashariki vilibebwa kichwani. Hapakuwa na barabara, ng'ombe na nyumbu walikufa kwa mbung'o, basi chakula, risasi na wagonjwa vikabebwa na watu. Ndio wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki midomoni mwetu katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kanisa letu halikuwa mbali na jambo hilo: mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar mwenyewe aliwakusanya wapagazi wa visiwani na kuwaongoza bara, akiwa na cheo cha meja. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi.

Ile kanuni nzuri ya Tume, ya jina kwa kila mtu, haikuwafikia. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni Aprili mwaka huo. Wakubwa wa zamani walidhani kwamba sanamu moja ingewatosha wote. Ndipo baada ya vita zikasimamishwa sanamu za kuwakumbuka askari na wapagazi mjini Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Maneno ya Kiingereza yaliyo chini yake yalitungwa na Rudyard Kipling, mshauri wa Tume, ambaye mwanawe wa pekee alipotea katika mapigano yale yale ya Loos, siku mbili baada ya Douglas. Jina la mwanawe liliandikwa ukutani. Na maneno yake kwa Waafrika yanasema kwamba anayeifia nchi yake jina lake litakumbukwa na watoto wake. Lakini juu ya jiwe lile hakuna jina hata moja.

Basi hapa kwetu karatasi ni chache, na watoto wa wapagazi wamekwisha kufa. Wamebaki wajukuu, nao ni wazee. Twaomba vikundi vya Umoja wa Akina Mama na vya vijana vilichukue jambo hili kuwa kazi ya mwezi huu. Mtu asianze kwa kuuliza, “Babu yako alipigana vita gani?” Mzee atajibu kwamba hajui. Aulize nani katika ukoo alichukuliwa akabebeshwa mizigo na hakurudi, nani alipewa jina la aliyepotea, na ni nani aliyelia msiba bila maiti. Majina hurithiwa katika koo zetu, na mara nyingi jina la mpagazi li hai katika mjukuu asiyejua lilikotoka.

Kisha yatazamwe madaftari ya kanisa ya ubatizo na ya ndoa ya kabla ya 1914, pale yalipo. Aliyebatizwa mwaka 1909, akafunga ndoa 1913, na mjane wake akaolewa tena 1919, huyo ana jambo la kufuatwa. Liandikwe jina lake kamili, jina la baba yake, na jina la mama pamoja na ukoo wake kama wafanyavyo Waskoti, kijiji chake, jina la aliyetoa habari, na tarehe aliyoitoa. Iandikwe kwa wino, nakala mbili, moja ibaki nyumbani na moja apewe padre wa mtaa.